Nani Anamleta Huyu?

14 Januari

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, yaani mimi na paka. Bati la jikoni nimelibadilisha mwenyewe, kwa hiyo mvua sasa inanyesha nje tu. Kazi ipo. Joto likizidi watu wanamkumbuka fundi friji, likipungua wananisahau, ndiyo riziki yangu. Msalimie mpwa wangu, mwambie mjomba wake bado ana meno yote isipokuwa yale anayoyajua.

Ama baada ya salamu, nimerudi kutoka mafungoni. Unakumbuka nilikueleza kwamba tangu mke wangu afariki Jumamosi zilinishinda, nikajiunga na malezi ya kiroho ya walei pale parokiani. Ni kama miaka miwili ya kujifunza kusali kama watu wazima, halafu anayetaka anaweka ahadi. Mwaka wa kwanza unaishia kwa siku nane za kimya kwenye nyumba ya masista, pamoja na wenzetu wa parokia nyingine tusiofahamiana nao. Hakuna kuzungumza, wala kunong'ona, wala kukonyezana. Ukitaka chumvi unaitazama tu mpaka mwenzako akuonee huruma.

Sasa sikia. Kabla ya kimya kuanza, mtu mmoja alinitonya kwamba askofu mpya, ambaye sikuwahi kumwona, naye angefunga pamoja nasi, amevaa shati la kawaida ili asisumbuliwe. Mezani nikakuta mbele yangu mzee mnene, kipara kinang'aa, kucha safi, amekaa wima, anakata mkate kwa utulivu kama vile anaubariki. Nikasema moyoni, ndiye. Dada, nilimhudumia mtu yule! Nilimvutia kiti, nikammiminia chai, nikamwachia kipande kikubwa, nikamwoshea na sahani. Yeye anapokea kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea. Nikazidi kuamini.

Siku ya mwisho kengele ya kumaliza kimya ikalia. Nikainama, nikasema, "Baba Askofu." Papo hapo naye ananishika bega: "Ndugu yangu, umetuhudumia vizuri mno. Masista wamekuajiri tangu lini?"

Nikamwuliza, kwani wewe si askofu? Akasema, "Askofu wa wapi? Mimi nina bucha nyuma ya soko." Tulicheka mpaka mlezi wetu, sista mmoja mwenye miwani mizito, akaja kutuambia kuwa kimya kimeisha lakini adabu bado ipo. Tangu siku hiyo mimi namwita Bucha, yeye ananiita Mhudumu.

Mdogo wako


3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tupo, tunapumua. Binti yangu amebadilishiwa zamu hospitalini, siku hizi tunaonana mlangoni tu. Mjukuu ameanza kutembea, na kila kilichokuwa juu ya meza sasa kiko chini. Mimi nashona sare za shule pale dirishani, kidogo kidogo, macho yakinikubalia.

Barua yako nimeisoma nikacheka hadi binti akaja mbio, akidhani nimepaliwa. Wewe! Wewe ambaye marehemu mama alikuwa anakufinya paja kanisani usikorome, leo umenyamaza siku nane? Na ukawa mhudumu juu yake? Nyumbani kwangu hujawahi kuosha hata kijiko.

Ila huyo Bucha wako mwangalie. Wauza nyama nawajua, kidole kimoja kiko kwenye mizani siku zote. Mtu wa umri wako kupata rafiki mpya ni jambo la kushangaza kidogo, mimi nilidhani marafiki zako ulishawamaliza, nikabaki mimi. Pasaka nitakuja nimwone kwa macho yangu. Nitamkagua kuanzia kipara hadi viatu.

Dada yako


11 Machi

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Paka amezaa chini ya kitanda, kwa hiyo sasa tuko sita. Kwingineko ni salama.

Huyo Bucha unayemtilia shaka ndiye niliyepangiwa kuwa mwenzi wa njia. Nikueleze utaratibu, maana utauliza tu. Mwaka wa pili kila mlelewa anapewa mwenzake mmoja. Mnasali pamoja, mnaambiana ukweli, na siku ya ahadi ndiye anayekupeleka mbele. Sista anauliza mbele ya watu wote, "Nani anamleta huyu?" Mwenzako anasimama, anasema, "Ninamleta mimi," kisha anaeleza jambo moja alilokuona ukilifanya. Si sifa, si hotuba. Jambo moja tu, aliloliona mwenyewe. Asiyeletwa na mtu haweki ahadi. Ahadi yetu ni Jumapili ya pili ya Septemba.

Basi kila Alhamisi, akishafunga duka na kusugua gogo lake la kukatia, tunakaa pale nyuma kwenye makreti. Tunasoma Injili ya siku, halafu tunanyamaza. Mara nyingine yeye anasinzia, nami namwacha, maana anaamka alfajiri kupokea nyama. Anawaombea wateja wake, dada, na wengi hawajui majina. Anasema, "Bwana, mkumbuke yule wa nusu kilo bila mafuta, leo macho yake yalikuwa mekundu. Mkumbuke na yule wa mifupa, mwanawe hajapata kazi." Mimi ni yule wa kukoroma kanisani, kama unavyosema, lakini kusali kwa namna ile sikuwahi kusikia.

Na ukweli tunaambiana. Wiki iliyopita alinitazama akasema, "Mhudumu, mimi nikikuuliza habari yako, unanijibu habari ya mashine. Nimekuuliza tangu Januari kuhusu marehemu mkeo, badala yake najua kompresa za friji za mji mzima." Nilikasirika nikaenda nyumbani bila kuaga. Alhamisi iliyofuata nilimsimulia habari za mke wangu hadi taa za soko zikazimwa. Nilikuwa sijamsimulia mtu, hata wewe.

Njoo Pasaka. Amesema atakuchagulia steki mwenyewe, na mizani utaishika wewe.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe, Pasaka imepita na sikuonekana. Binti alikosa likizo, na mtoto hana wa kumwangalia, ikawa hivyo. Nitakuja katikati ya mwaka, mvua zikiisha na barabara ikikauka. Sare bado nashona, ingawa cherehani nimeihamishia karibu na kitanda, huko mwanga ni mzuri.

Hilo la kumsimulia mtu baki habari za wifi yangu nimelisoma mara mbili. Sawa. Kama alikuwa anasikiliza vizuri, sina neno. Mimi ningekusikiliza pia, lakini hukuniambia, na kuzungumza hakulazimishwi.

Mpe salamu zangu. Mwambie steki yake naingoja, na asidhani nimesahau kuhusu mizani.

Dada yako


22 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini mko wazima.

Joto la mwaka huu limekataa kupungua hata mwezi huu wa sita, kazi ni nyingi. Zahanati waliniita kwa friji lao la chanjo, kompresa imekufa, nimeweka nyingine. Yule mama wa maji baridi pale kona raba ya mlango imekatika, baridi yote inatoka. Hoteli nao wana friji kubwa la vioo, gesi inavuja mahali nisipopaona, nimekwenda mara tatu. La nne ni la jirani, hilo ni feni tu. Paka wote nimewagawa.

Alhamisi siku hizi nafunga mapema.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimeihesabu. Ina friji nne na hakuna Bucha hata mmoja. Miezi mitatu hukuandika, halafu unaniandikia raba ya mlango?

Mmegombana? Kama mmegombana, nenda kamwombe radhi, hata kama kosa ni lake, maana wewe najua unavyonuna. Amehama? Amekuuzia nyama mbovu? Nimekulea tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni, usinifunike macho kwa gesi na feni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe nausikia mpaka huku.

Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Niandikie.

Dada yako


27 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Bucha amekufa.

Ilikuwa mwezi wa tano. Alianza kuvimba miguu, akasema ni kusimama dukani. Kumbe ni figo. Alilazwa, na kila jioni nilikwenda. Siku za mwanzo alikuwa anawatania wauguzi, anawaambia hata huku mnanipima bila kuniruhusu niishike mizani. Baadaye akawa hana nguvu za kusema, basi tukanyamaza, na hilo tulikuwa tumefundishwa. Nilishika mkono wake, yeye anashika wangu, muuguzi anapita, anadhani tumelala. Jumapili moja kabla ya mchana mkono wake ulilegea, nami nikaendelea kuushika mpaka mkewe alipofika.

Kuzikwa alizikwa na watu wengi nisiowahi kuwaona. Nilisimama nyuma nikiwaza, yule wa nusu kilo ni nani hapa? Sikulia. Siku za msiba nilijipa kazi, kazi inasaidia. Mkewe ndiye anayeendesha bucha sasa. Ni mwanamke wa maneno machache, anasali kanisa lingine, nami hatujazoeana sana. Nikipita dukani ananipa mkono, nami nauliza kama umeme unakuja vizuri.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua nikiandika itakuwa kweli. Nampenda mtu yule, dada. Nimepata rafiki nikiwa na mvi kichwa kizima, akakaa nami miezi minne na ushee, basi. Alhamisi ikifika sijui nikae wapi.

Sasa ahadi. Nimemwambia Sista kwamba sitaiweka. Akasema kanuni inaweza kulegezwa kwangu, aniulize jina tu niseme ndiyo. Sikutaka kulegezewa. Mwaka mzima tumefundishwa kwamba mtu haendi kwa Mungu peke yake kama anayekwenda sokoni, halafu siku yenyewe niingie peke yangu? Lakini moyo unataka, hilo siwezi kulikana. Naitaka ahadi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nioe.

Nani mwingine ananijua? Ni wewe. Njoo Septemba, Jumapili ya tarehe kumi na nne, unilete. Usipokuja nitakaa benchi la nyuma niwatazame wenzangu, na hapo mambo ya malezi nitakuwa nimeyamaliza.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Pole. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, maana kutoka huku linaonekana dogo. Pole sana. Nilikuwa na mzaha mwingi kuhusu mtu yule, na hata sasa nasikitika kwamba sikumshika mkono. Niliona wivu kidogo, usicheke. Nilizoea kuwa mimi ndiye wa kwanza kusikia habari zako.

Mwanzo wa mwezi nilishona begi la safari. Kisha nikakaa nikajiambia, mficha maradhi kifo humuumbua. Mdogo wangu, siwezi kuja. Nyonga imekataa tangu Februari. Natembelea fremu ya kuegemea, kitandani hadi dirishani, dirishani hadi chooni, na ngazi za hapa sijazishuka tangu Pasaka. Basi la siku nzima litanivunja. Binti alitaka kukuandikia, nikamkataza, nikasema una furaha yako, tusiitie maji. Sasa unajua, na usinijibu kwa ukali, nitaumia zaidi.

Basi nimeandika maneno, uyapeleke kwa Sista ayasome yeye. Nimejaribu kufuata kanuni yenu, jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Nimeyatoa kwenye kichwa hiki cha zamani:

"Ninamleta mdogo wangu. Mama yetu alipokuwa anaumwa mwaka wa mwisho, hakupenda kupakwa dawa na mtu yeyote, alikuwa anaona aibu. Huyu alikuwa kijana, rafiki zake wanamngoja nje. Alijifunga kitambaa machoni, akampaka mama dawa kwa kupapasa, huku anaimba vibaya ili mama acheke. Alifanya hivyo kila siku mpaka mama alipotutoka. Hajawahi kulitaja. Nililiona mimi kupitia mlango."

Nimeshaipa barua hii binti aipeleke posta leo hii. Ifike tu. Nitakuwa nimekaa dirishani Jumapili ile kutwa nzima, nikikuombea kwa maneno, maana kimya sikukijua kamwe.

Dada yako


16 Septemba

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, Jumanne. Ilizungukia wapi, posta wenyewe hawajui. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma nimekaa. Kumbe uliona. Asante, dada. Na kuhusu nyonga sitakujibu kwa ukali, nitakujibu kwa miguu. Novemba nakuja huko. Usinipikie, usinisimamie, kaa dirishani kwako nikukute hapo.

Sasa Jumapili. Mpaka asubuhi ile nilikuwa na matumaini kwamba mtu wa posta atapita, ingawa Jumapili hapiti. Nilivaa koti, nikaenda. Nilijiambia nitakwenda mbele na wenzangu kwa heshima ya Sista, nikisikia swali nitarudi zangu kukaa, bila fujo. Kikanisa kilijaa. Wawili wawili wakaitwa. Fundi cherehani akamleta dereva, dereva akamleta fundi cherehani. Mwalimu mstaafu akaletwa na kijana wa benki, na alichosema yule kijana kiliwafanya watu wajifute macho.

Ikafika zamu yangu. Nilisimama, na upande wangu wa kulia palikuwa na nafasi ya mtu mnene. Sista akavua miwani yake, akauliza kama alivyowauliza wengine, "Nani anamleta huyu?"

Kimya. Mimi kimya nakijua, nimekaa nacho siku nane. Hiki kilikuwa kingine, hiki kilinichoma. Nikaanza kugeuka nirudi.

Nyuma kabisa benchi likalia kwa mtu kuinuka. Alikuwa mke wa Bucha. Sikujua hata kwamba yumo, Sista alikuwa amemwalika kwa sababu ya sala ya marehemu mwishoni. Akasema, "Samahani. Mimi si wa hapa, sijui taratibu zenu. Lakini swali nimelisikia, na nina neno."

Sista akamwambia sema, mama.

Akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Siku ya tatu ya msiba umeme ulikatika, uliporudi friji kubwa la duka halikuwaka. Nyama yote aliyoiacha marehemu ilikuwa humo, na mimi sikuwa na akili ya kumwita mtu. Huyu aliingia kwa mlango wa nyuma na mkoba wake wa vyuma. Hakunipa pole, hakukaa na wanaume uani. Alijilaza sakafuni nyuma ya friji. Baada ya muda nikalisikia linanguruma, nikasema, atatoka sasa anywe chai. Hakutoka. Alasiri nikampelekea chai. Nilipofungua mlango nikamsikia analia. Si machozi ya kujifuta, analia kwa sauti, amelala palepale kwenye saruji, anamwita mume wangu. Alidhani mashine inamfunika. Mashine ilikuwa imeshanyamaza."

Dada, friji likifikia ubaridi wake linajizima lenyewe. Kazi yangu ya maisha yote, na siku hiyo sikusikia kwamba limezima.

Akaendelea: "Mimi nilikuwa sijalia bado. Nilikuwa na wageni wa kulisha na watoto wa kutuliza, na kila aliyekuja aliniambia nijikaze. Nikaweka chai chini. Nikakaa kwenye kreti upande ule mwingine wa friji, nikalia pamoja naye mpaka tukachoka wote wawili. Hakujua kama nipo. Ndilo jambo nililoliona."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, nikiona aibu, na chini ya ile aibu nikisikia kitu kinafunguka kifuani ambacho sijui nikiite nini. Sista akauliza tena, kwa upole safari hii, maana kanuni inataka jibu:

"Basi, mama, nani anamleta huyu?"

Yule mwanamke alipita katikati ya mabenchi, akaja akasimama upande wangu wa kulia.

"Tunamleta," akasema. "Mimi na mume wangu."

Nikaweka ahadi.

Mdogo wako